Rangi Ifike Ikingali Mbichi

Bodi ninayoizungumzia hapa ina urefu wa sentimita 18 hivi. Ni ya kigari cha plastiki cha kuunganisha, cha uwiano wa 1/24, na katika muda wa miezi saba nimeipiga rangi ya manjano mara tatu. Mara mbili niliivua rangi yote nikairudisha kwenye plastiki tupu. Ya tatu ndiyo iliyobaki, ingawa nayo ina kasoro moja ambayo nitaieleza mahali pake, kwa kuwa niliisababisha mwenyewe dakika za mwisho, nilipokuwa nimeshaanza kujiona fundi.

Kabla ya hapo nilikuwa nikitumia brashi ya kawaida ya nyuzi, na kwa vitu vidogo kama viti, dashibodi na injini bado naitumia bila malalamiko yoyote. Bodi ndiyo iliyonishinda. Ni uso mpana, uliopinda, ambao kila aliyewahi kuona gari anajua unavyopaswa kung'aa, kwa hiyo hata asiyejua lolote kuhusu modeli huiona mara moja michirizi iliyoachwa na nyuzi za brashi. Zaidi ya michirizi kuna suala la unene, na hapo hesabu ndogo ilinifungua macho. Rangi yote ya gari la kweli linalotoka kiwandani, kuanzia tabaka la chini kabisa hadi la juu, huwa na unene wa takriban milimita 0.1 hadi 0.15. Ukiipaka bodi iliyopunguzwa mara 24 rangi yenye unene wa milimita 0.05 tu, ni sawa na kulikandika gari la kweli rangi ya milimita 1.2. Ufa uliopo kati ya mlango na bodi, ambao kwenye gari la kweli una milimita nne hivi, kwa uwiano huo unatakiwa uwe na milimita 0.17. Watengenezaji huuchora mpana zaidi ya hapo ili usipotee, lakini rangi huujia kutoka kingo zote mbili, na baada ya mikono michache ya brashi mlango huonekana kama umechomelewa.

Ndipo nikanunua brashi ya hewa. Ina umbo la kalamu nene ya chuma, yenye kikombe kidogo cha rangi juu yake, na ndani yake imelala sindano ndefu ambayo ncha yake huziba tundu la mdomo wa mbele. Tundu la yangu lina kipenyo cha milimita 0.3. Hewa kutoka kwenye kompresa, yaani mashine ya kusukuma hewa, hupita kwa kasi kulizunguka tundu hilo, shinikizo mbele yake hushuka, rangi ikavutwa nje na kupasuliwa kuwa matone madogo mno. Ziko ambazo kitufe chake hutoa hewa na rangi kwa pamoja. Yangu ni ya kazi mbili, maana yake ukibonyeza kifyatuo chini hewa hutoka, na ukikivuta nyuma sindano hurudi na kuiachia rangi, kadiri ya mvuto wako. Kidole kimoja kinafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na siku za mwanzo nilikuwa kama mtu anayejifunza kuachia klachi huku akikanyaga mafuta. Kanuni ya kwanza niliyoandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani ni kwamba hewa itangulie na rangi ifuate, na wakati wa kumaliza rangi ikatwe kwanza ndipo hewa iachwe. Ukigeuza utaratibu huo, tone la rangi hubaki limening'inia kwenye ncha ya sindano, na mpulizo unaofuata hulitupa lote katikati ya boneti.

Nilipokuwa nikisoma habari za kifaa hiki nilikutana na jambo lililonifurahisha. Mmoja wa watu wa kwanza kupata hataza ya kifaa cha kupulizia rangi alikuwa Mmarekani Francis Edgar Stanley, mwaka 1876. Naye ndiye huyohuyo ambaye baadaye, pamoja na pacha wake Freelan, alikuja kutengeneza magari ya mvuke yaliyobeba jina lao. Miaka mitatu baada ya hataza hiyo Abner Peeler, naye wa Marekani, aliunda kifaa chake ambacho hewa yake ilisukumwa kwa mkono. Kwa hiyo rangi ya kupuliza na magari vilifahamiana mapema, kabla sijazaliwa kuja kuviharibu vyote viwili mezani kwangu.

Jaribio la kwanza nililifanya kwa akili ya mtu mwoga. Niliona hatari kubwa ni rangi kumwagika, kwa hiyo nilisimama mbali, sentimita 20 au zaidi, nikapandisha kompresa hadi psi 40 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa) ili rangi isambae vizuri, nikavuta kifyatuo kidogo sana, na nikawa napita juu ya paa tena na tena. Kila kitu kilionekana salama. Hakuna kilichotiririka, manjano ilijaa polepole, nami nikaenda kulala kwa amani. Asubuhi nilipopitisha kidole juu ya paa nilihisi msasa. Uso wote ulikuwa na chembe ndogondogo kama unga ulioganda, hauna mng'ao hata kidogo, na kwenye boneti, ambako nilikuwa nimesimama mbali zaidi, chembe nyingine zilitoka kwa kupanguswa tu na kitambaa kikavu. Rangi niliyotumia ilikuwa ya akriliki, ya aina inayoyeyushwa kwa alkoholi, na alkoholi hukauka upesi. Tone dogo kiasi kile likisafirishwa sentimita 20 ndani ya upepo mkali hukaukia njiani. Kinachofika kwenye plastiki si tone tena, ni punje. Punje haziungani. Hukaa moja juu ya nyingine kama mchanga.

Niliivua rangi hiyo kwa kuilaza bodi usiku kucha katika alkoholi ya isopropili ndani ya chombo chenye kifuniko, kisha nikaisugua kwa mswaki. Alkoholi hiyo haidhuru plastiki ya polistirini, na rangi ya akriliki iliyo mbichi kwa umri huachia kwa mapande. Kazi yenyewe haina ugumu, ila inatia aibu, hasa pale unapochokoa mabaki kwenye matundu ya grili kwa kijiti cha kuchokolea meno na kukumbuka jinsi ulivyokuwa umejivuna jana yake.

Jaribio la pili lilikuwa kinyume kamili cha la kwanza, kama ilivyo kawaida ya mtu aliyechomwa na kosa moja. Nilisogea hadi sentimita nne, nikaongeza thina, yaani kiyeyusho cha kupunguzia uzito wa rangi, mpaka ikawa nyepesi kama maji, presha nikaiacha palepale ilipokuwa, nikavuta kifyatuo kwa nguvu. Kwa sekunde kama kumi hivi nilikuwa na gari zuri kuliko yote niliyowahi kuyaunda: paa liling'aa kama limetoka majini. Halafu, chini ya dirisha la mlango wa kushoto, niliona uvimbe mdogo wa rangi ukijikusanya. Ulisita kidogo kwenye mstari wa mapambo, ukavuka, ukaanza kuteremka kama chozi. Nililigeuza gari kichwa chini, na chozi likageuza njia likarudi juu, likiacha ukingo mnene nyuma yake. Wakati nashughulika na huo upande, upande wa pili karibu na tairi la nyuma hewa ilikuwa imeshaitawanya rangi nyepesi kuwa miguu ya buibui, mistari myembamba inayotoka katikati na kukimbilia kila upande. Na nyufa za milango, zile nilizozifanyia hesabu, zilikuwa zimejaa pomoni.

Kutokana na hasira nikaongeza hasara nyingine. Katika kusafisha, nilichomoa sindano na kuiweka ukingoni mwa meza, ikabiringika na kuanguka ikitanguliza ncha. Kwa macho haikuwa na kitu. Nilipoipitisha taratibu juu ya ukucha ndipo nikahisi inakwaruza, na chini ya kioo cha kukuzia nikaona ncha imejikunja kama ndoano ndogo. Sindano ya namna hiyo hurusha rangi upande mmoja, na mbaya zaidi, ukiisukuma ndani inaweza kuupasua mdomo ule mwembamba. Nilijaribu kuinyoosha kwa kuizungusha juu ya msasa laini sana, nikafanikiwa nusu, kisha nikanunua nyingine. Tangu siku hiyo sindano ikitoka huwekwa katikati ya kitambaa kilichokunjwa, na huchomolewa kwa nyuma, siyo mbele.

Baada ya hapo niliifungia bodi kabatini na kuhamia kwenye vijiko vya plastiki. Wengi hujifunzia kwenye kijiko, na sababu yake ni nzuri: mgongo wake umepinda kama boneti au tao la tairi, plastiki yake inafanana na ya modeli, na ukikiharibu hulii. Ila vijiko 12 vya mwanzo havikunifundisha kitu, kwa sababu nilikuwa nikitazama mahali pasipostahili. Nilikuwa naitazama rangi yenyewe, yaani manjano imefika wapi na wapi bado pana weupe. Siku moja mpira unaoleta hewa kutoka kwenye kompresa ulinilazimu kusogeza taa ya mezani, nikaishusha ikawa ubavuni, karibu sawa na usawa wa kijiko. Mwanga wake ukaangukia mgongo wa kijiko na kuchora mstari mweupe. Nilipopuliza kutoka sentimita 15, ule mstari ulififia ukawa ukungu. Niliposogea hadi sentimita saba, ukungu ulianza kujaa vitone vya unyevu, vitone vikagusana, na ghafla mstari ukarudi, kingo zake kali kama zilizokatwa kwa wembe. Nikaendelea kidogo ili nione. Kingo zikaanza kucheza, mstari ukavimba upande wa chini, na tone likateremka hadi kwenye mpini.

Nilirudia hivyo jioni nzima, na nikaona kuwa makosa yangu yote mawili ya mwanzo yalikuwa kosa moja. Rangi inatakiwa ifike ikingali mbichi kiasi cha matone kuungana na kujilaza yenyewe, lakini isiwe nyingi kiasi cha kushindwa kujishikilia. Umbali, presha, wingi wa thina, kasi ya mkono na mvuto wa kifyatuo nilikuwa nimevisoma kama mambo matano ya kukariri, kila moja na namba yake, kumbe vyote ni njia tano za kuongeza au kupunguza ubichi uleule. Ukisogea karibu, rangi hufika mbichi zaidi, basi endesha mkono kwa kasi zaidi. Ukipunguza presha, matone huwa makubwa na hukawia kukauka, basi vuta kifyatuo kidogo. Taa ndiyo inayokuambia ulipo. Kati ya ukungu kurudi kuwa mstari mkali na mstari kuanza kuvimba pana nafasi, na nafasi hiyo kwa rangi ya haraka kama ile ya akriliki ni fupi mno, pengine nusu ya mpito mmoja wa mkono.

Ndiyo maana katika jaribio la tatu nilibadili aina ya rangi. Nilichukua rangi ya laka, ambayo viyeyusho vyake ni vikali zaidi, na kuichanganya na thina ya aina ya Mr. Color Leveling Thinner, ambayo ndani yake kuna kicheleweshaji kinachoifanya rangi ibaki mbichi muda mrefu zaidi na kujilaza kabla haijashika. Wanaoipenda akriliki watasema, na ni kweli, kwamba yapo magari mazuri sana yaliyopigwa akriliki. Mimi nasema tu kwamba kwa mwanafunzi, ile nafasi ya kati iliyorefushwa ni sawa na kuongezewa muda wa mtihani. Uchanganyaji wenyewe nilianza na sehemu moja ya rangi kwa sehemu moja na nusu ya thina, lakini kipimo ninachokiamini ni ukuta wa kikombe: rangi ikipandishwa kwa kijiti na kuachwa iteremke, inatakiwa iteremke kama maziwa yaliyoondolewa mafuta, ikiacha utando mwembamba usiokatika. Ikiacha michirizi yenye uwazi katikati imezidi wepesi. Ikiganda ukutani imezidi uzito. Presha niliishusha hadi psi 18, karibu baa 1.2, na umbali ukawa sentimita sita hadi nane.

Gharama ya laka ni mvuke wake, na hapa sina mzaha. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa kiyeyusho hata kidogo. Inayohitajika ni ile ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kikaboni, inayobana uso vizuri, pamoja na feni inayotoa hewa nje ya chumba. Kama bado unanusa thina ukiwa umevaa, ama vichujio vimekwisha kazi ama barakoa haijakaa sawasawa. Kwa sababu hiyohiyo sikuigusa klia (tabaka la juu lisilo na rangi) ya vijenzi viwili yenye kigumishi, ambayo wengi huisifu kwa mng'ao wake. Kigumishi chake kina kemikali iitwayo isosianati, na hiyo ikishaufanya mwili uichukie inaweza kukuachia pumu ya kudumu. Nilitumia klia ya laka ya kawaida, nikakubali kuisugua zaidi.

Kuna jambo jingine la laka ambalo lingeweza kuniharibia jaribio la tatu lote kama nisingelijaribia mahali pa siri. Bodi hii ilitoka kiwandani ikiwa ya plastiki nyekundu. Viyeyusho vikali huiamsha ile rangi iliyomo ndani ya plastiki ikapanda juu kupitia tabaka zilizo juu yake, na manjano juu ya wekundu unaopanda huishia kuwa chungwa. Nilipuliza praima, yaani rangi ya msingi, na weupe kwenye upande wa ndani wa paa, ambako hakuna atakayeona, nikaacha hadi kesho yake. Weupe ulikuwa umepata haya usoni, pinki hafifu isiyo na mashaka. Wanaojua husema pawekwe tabaka la fedha katikati, kwa kuwa vipande vidogo vya alumini vilivyomo hujipanga kama magamba na kuuzuia wekundu. Nilijaribu upande huohuo wa ndani, nikasubiri siku tatu, na weupe ukabaki mweupe.

Lakini hesabu tena. Praima, fedha, nyeupe, manjano, klia: tabaka tano juu ya nyufa zenye upana wa sehemu ndogo tu ya milimita. Kwa hiyo kabla ya yote nilizichimba nyufa zote upya kwa kichongeo chenye ncha nyembamba, nikipita mara nyingi kwa mkono mwepesi, bila kukandamiza, maana ukikandamiza ncha hutoka njiani na kukuachia mkwaruzo katikati ya mlango. Nilizizidisha kina badala ya upana. Mistari ya kiungo, ile inayoachwa na pande mbili za kalibu na ambayo kwenye magari hupita juu ya mabega ya bodi kutoka taa za mbele hadi za nyuma, niliiondoa kwa msasa namba 800 na kisha 1000, kwa maji. Halafu nikaiosha bodi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta ya kalibu na ya vidole, na kutoka hapo sikuishika tena bila glovu.

Siku yenyewe nilianza na mahali pagumu: ndani ya nyufa, kandokando ya madirisha, matao ya tairi, chini ya bampa. Mwanzoni nilikuwa nikianza na paa kwa sababu ndilo linaloonekana, kisha nikifika kwenye pembe zilizojificha nalazimika kupuliza kwa muda mrefu, na vumbi kavu la rangi linarukia paa lililokwisha kukamilika. Ukianza na pembe, vumbi hilo hufunikwa na mkono unaofuata. Bodi nilikuwa nimeibandika kwa ndani juu ya chupa tupu, ili niishike kwa shingo ya chupa na kuizungusha. Boneti, ambayo kwenye seti hii ni kipande cha peke yake, niliibandika mahali pake kwa gundi nyepesi ya muda, ili ipate mpulizo uleule na bodi na manjano yake isije ikatofautiana.

Mikono miwili ya kwanza ilikuwa ukungu tu, ya kushikia, kila mmoja ukipewa dakika kumi. Wa tatu ndio wa ubichi. Nilianza mpulizo nje ya bodi, nikaingia kwenye paa kutoka kushoto, nikatokea kulia kabla ya kuachia kifyatuo, na kila mpito ukafunika nusu ya mpito uliotangulia. Macho yangu yalikuwa kwenye mstari wa taa. Kwenye paa ulirudi mkali mara moja. Kwenye boneti ulirudi. Kwenye mlango wa kushoto, mahali palepale pa lile chozi, mstari ulirudi na nikahisi kidole kinataka kuendelea kidogo, kwa raha tu ya kuuona ukiwa mkali, nami nikakiondoa. Huo ndio ugumu uliokuwa umebaki: mkono ulikuwa umeshajua kupuliza, haukuwa umejua kuacha. Kipande cha unyoya wa nguo kilitua kwenye buti rangi ikiwa bado imelowa. Zamani ningekifuata kwa kibanio na kuacha shimo. Safari hii nilikiangalia kikizama, nikafunika bodi kwa sanduku na kutoka chumbani. Kesho yake kiling'oka kwa mipapaso michache ya msasa namba 2000.

Klia niliipiga mikono minne siku mbili baadaye, kisha nikaiacha wiki mbili. Rangi ya laka huendelea kunywea muda mrefu baada ya kukauka juu, na ukiisugua mapema utaona baadaye mikwaruzo yako ya msasa ikijitokeza tena kutoka chini. Kipimo changu ni pua: nalisogeza gari karibu na uso, na kama bado lina harufu ya thina, halijawa tayari. Baada ya harufu kwisha nilisugua kwa maji, msasa namba 2000, halafu 3000, halafu vitambaa vya kusugulia hadi 12000, nikimalizia kwa dawa ya kung'arishia. Klia yangu ilikuwa na mawimbi madogo kama ganda la chungwa upande wa nyuma, na ilikuwa raha kuyaona yakilainika.

Raha hiyo ndiyo iliyoniponza. Rangi mbichi hukimbia kingo na kujikusanya kwenye tambarare, kwa hiyo kwenye kila ukingo mkali tabaka huwa jembamba kuliko unavyodhani. Nilijua. Nilikuwa hata nimebandika tepu nyembamba juu ya kingo za milango na mabega ya bodi. Ukingo wa mbele wa boneti niliusahau, na nilipokuwa namalizia kung'arisha, nikibonyeza kwa kidole gumba badala ya sponji, niliona kitambaa kimeshika manjano. Klia ilikuwa imekwisha, na pale pembeni, urefu wa punje ya mchele, weupe ulikuwa unachungulia. Nilichanganya tone la manjano, nikaligusia kwa brashi ya nyuzi tatu, na juu yake tone la klia. Ukilitazama gari kutoka mbele huoni kitu. Ukiliinamisha chini ya ile taa ya ubavuni, mstari wa mwanga unateleza juu ya boneti yote bila kutikisika, ila ukifika hapo hujikwaa kidogo.

Seti ya pili imeshafunguliwa, na hii nataka iwe ya buluu ya metaliki, ambako ubichi una masharti mengine kabisa. Vipande vya metali vikilala ndani ya rangi iliyolowa sana huogelea na kukusanyika mafungumafungu, na uso huwa na mabaka kama mawingu. Vikifika vikiwa karibu kukauka hukaa sawasawa lakini uso unakuwa butu, ukisubiri klia iurudishie mwanga. Kisha kuna ukubwa wa vipande vyenyewe: kipande cha mikroni 50, ambacho ni kidogo mno kwenye gari la kweli, kwa uwiano wa 1/24 ni sawa na kipande cha milimita 1.2, na gari huonekana kama limemwagiwa pambo la sherehe. Nina vijiko vinane vilivyochomekwa kwenye kipande cha sponji, vyote vya buluu, kila kimoja na namba yake ya presha na umbali imeandikwa kwenye mpini. Cha tano na cha sita ndivyo vinavyokaribia. Cha sita kilipigwa kutoka sentimita 12 kwa psi 20, kikavu kidogo kuliko ninavyopenda, na bado sijakipiga klia.